Sahani

Anayeuliza kwa nini kijiji chetu kinaitwa Sahani
na hapa hapana mfinyanzi wala hoteli,
aje nimwonyeshe ukuta uliokatika upande wa kushoto.

Viskonti alishuka stesheni ya Rongai na masanduku kumi na moja
na sahani moja, ameipakata kama mtoto mwenye homa.
Juu yake, kwa wino wa buluu, palichorwa
jumba dogo la bustanini, la nyanya yake, huko Ufaransa:
nguzo sita, ngazi mbili zilizopindana kama pembe za kondoo,
na bustani iliyonyooshwa hadi ikakosa pumzi.
Jumba lenyewe, alisema, liliuzwa kulipa deni la kamari,
mawe yake yakajenga kiwanda cha sukari.

Fundi Bachittar, Kalasinga wa reli,
aliigeuzageuza sahani, akaisoma kama ramani.
Ukingoni, kushoto, palikuwa na pengo
la ukubwa wa kucha ya gumba.
"Hapa palikuwa na nini?"
Viskonti akaitazama Menengai, akaitazama tena.
"Sikumbuki. Nilikuwa mdogo. Komea hapo."
Bachittar akakomea hapo.

Babu yangu Wekulo, wa Kimilili, ndiye aliyeshika uzi.
Miaka kumi na tisa, kazi yake kushika uzi:
kigingi huku, kigingi kule, ardhi ikatii.
Miche iliyokuja kwa meli ilikauka kabla ya Krismasi,
wakapanda kayaba,
na kayaba, ua la kuzuia ng'ombe, likafunzwa adabu:
likawa pia, likawa tufe, likawa tausi asiyeruka.
Mikono ya babu ilijaa miiba
hata nyanya akawa anamsalimia kwa kiwiko.

Chemchemi ilirusha maji Jumapili,
saa tisa hadi saa kumi na moja,
Viskonti akinywa chai peke yake katikati ya nguzo sita.
Siku sita wanawake walipanda nayo kutoka mtoni,
ndoo kwa ndoo,
ili siku ya saba maji yaruke.

Alikufa au aliondoka? Waliokuwepo wanasema yote mawili.
Mshahara wa mwisho wa babu ulikuwa sahani.

Kampuni ya kununua mashamba ikaleta soroveya na mnyororo wake,
akakuta kazi imekwisha: mistari ipo, pembe zipo.
Kila mraba wa waridi ukawa shamba la mtu,
Gathogo hapa, mjane Taprandich pale, sisi karibu na ngazi.
Duara tu ndilo lililomshinda.
Chemchemi ikagawanywa kwa ukuta wa saruji,
maana bata wetu hawasomi hatimiliki.

Na mwaka ule wa moto, Desemba ikiishia,
Gathogo na wanawe walilala ndani ya tufe la kayaba
siku mbili, bila kukohoa.
Nje, Taprandich alimkamua ng'ombe mmoja
asubuhi, adhuhuri, jioni,
kiwele kikavu kabisa,
ili awe na sababu ya kukaa pale vijana wakipita.
Kitinda mimba wa Gathogo ana kovu shingoni hadi leo.
Akiulizwa, anasema: bustani.

Mwaka jana alikuja msomi, binti mpole, na kamera na futi.
Alipima nguzo, akapima kivuli cha nguzo,
akatueleza kwamba upande wa kushoto uliachwa wazi makusudi,
kuikaribisha mandhari ya bonde.
Hatukumbishia. Alikuwa ametembea mbali.
Mama akamwandalia chai na mandazi manne,
makubwa, yaliyofunika nguzo zote na ngazi zote mbili.
Alikula matatu. La nne akalifunga kwenye leso, la njiani,
akainuka haraka kwa sababu ya mvua.

Mama aliisuuza sahani, akaipangusa kwa kanga,
akairudisha kabatini,
pengo likielekea ukutani.